Muhogo Mbovu, Spiriti na Hesabu ya Kuni
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi

  

Leo tumetimiza miaka kumi. Taarifa ya fedha ataisoma mweka hazina, na habari za tulikoanzia, kina mama 18 na hisa ya shilingi 1,000 na sanduku la kufuli tatu, zimeandikwa kwenye kurasa za mwanzo za kijitabu hiki. Hatutazirudia. Kamati imekubaliana kwamba nafasi hii ya mwenyekiti itumike kueleza jambo moja tu, nalo ni lile la spiriti.

Tunalieleza kwa sababu maneno yamekuwa mengi, kisimani na sokoni. Wapo wanaosema kina mama walitaka kupika gongo kwa kujificha. Wapo wanaosema hela za sanduku zililiwa na viongozi. Sasa leo mko hapa wote, basi sikilizeni jinsi ilivyokuwa, na mwenye swali atauliza baada ya chakula.

Jambo lenyewe lilianzia shambani. Sisi wote hapa ni wakulima wa muhogo na machungwa, chini ya milima hii ya Usambara. Na sisi wote tunaujua ule ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu ni mwenyeji kwetu, maana mtaalamu wa kwanza kuuandika, Bwana Storey, alikuwa akifanya kazi kituo cha Amani hapo juu, mwaka 1936. Ubaya wake ni kwamba unadanganya. Shamba linaweza kusimama majani yake mazuri, unapita unalisifu, siku ya kung'oa unapasua muhogo unakuta ndani kuna madoa ya kahawia, makavu, magumu kama gome. Huwezi kuuza. Huwezi kumpa mtoto. Wengine tunakata sehemu mbovu na kubakiza nzuri, lakini mnunuzi akishaona doa moja anakataa gunia zima.

Mwaka 2021 na 2022 ilikuwa mbaya. Katika wanachama wetu 31 wa wakati ule, 14 walishindwa kurejesha mkopo kwa wakati, na karibu wote sababu ilikuwa muhogo. Halafu ukifika msimu wa machungwa, mnajua wenyewe yanavyooza chini ya miti wakati lori halijafika. Ukitembea shambani kwa mtu unasikia harufu ya pombe hata kabla ya kumwona mwenye shamba.

Ni harufu hiyo iliyotuletea wazo. Mmoja wetu alisema kwenye kikao, jamani, kama machungwa yanajipikia pombe yenyewe hapo chini, kwa nini tusiyachukue tukatengeneza mafuta ya jiko? Alikuwa amesikia redioni habari za majiko ya spiriti. Wakati huo kila mtu analia na mkaa, kuni zimekwenda mbali, na msitu una walinzi. Tukacheka kwanza. Baadaye hatukucheka.

Haukupita muda akaja mtu. Hatutamtaja, na wala hakuwa wa kata hii. Alikuja na picha kwenye simu, mapipa mawili na mrija wa shaba, akasema anauza mtambo kwa shilingi 2,600,000. Akasema gunia moja la muhogo mbovu, kilo 100, linatoa lita 40 za spiriti. Alisema tukipika magunia matatu kwa wiki mtambo utajilipa ndani ya miezi miwili. Sanduku letu wakati huo lilikuwa na shilingi 3,800,000. Sisi viongozi watatu, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, tulimpa kianzio cha shilingi 450,000 kabla ya kuitisha kikao cha wanachama wote. Tulidhani tunawahi. Risiti yake ilikuwa karatasi ya daftari, haina muhuri. Mapipa hayakuja. Simu ikawa haipatikani.

Hapo ndipo tulipokosea, na tunasema mbele yenu. Kufuli ni tatu ili funguo ziwe kwa watu watatu wanaochungana, lakini watu watatu wakikubaliana kukosea, kufuli haisaidii kitu. Kikao kilichofuata kilikuwa cha machozi. Wanachama wawili walichukua hisa zao wakaondoka, na hatukuwa na neno la kuwazuia.

Deni lile tulililipa sisi watatu. Shilingi 150,000 kila mmoja, shilingi 15,000 kila mwezi kwa miezi kumi, na imeandikwa kwenye daftari, ukurasa kwa ukurasa. Malipo ya mwisho yalikuwa Agosti 2023. Anayetaka kuona daftari analo mweka hazina hapo mezani.

Lakini kulipa hakukutuondolea swali. Tulitaka kujua, je, yule mtu ndiye alikuwa mwongo, au jambo lenyewe ndilo la uongo? Maana muhogo mbovu ulikuwa bado upo shambani, na machungwa bado yalikuwa yananuka. Bwana Shamba akatupeleka kwa mwalimu wa chuo kimoja cha ufundi, mwenye ruhusa ya kukeneka spiriti kwa ajili ya kufundishia. Hili la ruhusa tutalirudia. Mwalimu yule, Mungu ambariki, alitupokea kina mama sita na magunia yetu, na hakututoza hata senti.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kutupigisha hesabu, ya darasa la saba tu. Akasema, muhogo mbichi uliomenywa, ukiwa mzuri, katika kilo 100 una wanga kilo 25 hadi 30. Kilichobaki karibu chote ni maji. Wanga ukigeuzwa wote kuwa sukari, na sukari yote ikageuzwa kuwa spiriti bila kupotea hata tone, kilo moja ya wanga haitoi hata robo tatu ya lita. Zidisheni. Kilo 30 za wanga, ukipata kila kitu, ni lita 21 na kitu. Viwanda vikubwa vyenye mashine na wataalamu hupata lita 15 hadi 18 kwa kilo 100. Sasa lita 40 zinatoka wapi? Hata malaika wakishuka wapike, haziwezi kutoka. Tuliangaliana. Hesabu yenyewe ya dakika tano, na sisi tulikuwa tumeshatoa 450,000.

Tukaanza na machungwa, maana yana sukari tayari, hayahitaji kugeuzwa. Tulichofanya, tulikata machungwa yaliyoanguka tukayatwanga na maganda yake, tukatia kwenye pipa na hamira, tukafunika. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu kuna ukungu juu. Mwalimu akacheka akasema ganda la chungwa lina mafuta, yale yanayokurukia machoni ukilibonyeza, na mafuta yale hamira haiyapendi, yanaizuia kufanya kazi. Mara ya pili tulimenya, tukakamua maji tu. Jamani, kabla ya jioni pipa lilikuwa linapumua. Mapovu yanapanda, ukiweka sikio unasikia kama mvua ya mbali.

Tulijifunza hapo kinachotokea ndani ya pipa. Hamira ni kitu hai. Inakula sukari na inatoa vitu viwili, spiriti na ile hewa ya mapovu, karibu nusu kwa nusu. Kilo 100 za sukari zinatoa kilo 51 za spiriti kwa kiwango cha juu kabisa, zilizobaki zinakwenda na mapovu. Na hamira haivumilii ulevi wake yenyewe. Spiriti ikifika kama sehemu 12 hadi 15 katika 100, inachoka na kufa. Ndiyo maana pombe ya pipani, ipikwe na nani, sehemu kubwa ni maji. Kumbukeni neno hilo la maji, maana ndilo lililotushinda baadaye.

Muhogo ulikuwa na kazi zaidi. Hamira haili wanga, inataka sukari. Hapo sisi kina mama tulijiona wataalamu, maana kuugeuza wanga kuwa sukari ndiyo kazi ya kimea, na nani hapa hajapika togwa? Tulileta kimea cha mtama kilo 6. Lakini mara ya kwanza tuliharibu. Tulikuwa na haraka ya kuwahi gari, tukamwaga kimea kwenye uji unaochemka. Tulijua kabisa haifanywi hivyo, hata msichana wa darasa la sita anajua togwa inatiwa kimea uji ukishapoa kidogo. Kimea kikaungua, uji ukabaki uji, na siku ya nne ukachacha ukanuka tukaumwaga. Kilo 60 za muhogo uliomenywa, zimekwenda.

Mara ya pili tulitulia. Tulichukua kilo 100 za muhogo wenye michirizi, tukakata sehemu mbovu, tukamenya, zikabaki kilo 60. Angalieni hapo, kilo 40 zimeshaondoka kabla hata moto haujawashwa. Tukakuna, tukapika uji mwepesi, ukawa kama lita 150. Tukasubiri upoe mpaka kipimajoto cha mwalimu kikasoma 65, tukatia kimea. Baada ya saa mbili, uji uliokuwa mzito umekuwa mwepesi kama chai, na mtamu. Ukashuka mpaka vuguvugu, tukatia hamira. Siku nne ukawa tayari.

Kisha kukeneka. Spiriti inachemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye nyuzi 100, kwa hiyo ukichemsha polepole mvuke wa kwanza unakuwa na spiriti nyingi kuliko maji. Unaupitisha kwenye mrija wa shaba ndani ya maji baridi, unadondoka. Mara moja haitoshi, inabidi urudie ili ipate nguvu ya kuwaka vizuri jikoni. Na hata urudie mara ngapi, kwa kuchemsha peke yake haivuki kama sehemu 96 katika 100.

Tulipata lita 5 zinazowaka. Tulizitia kwenye jiko la spiriti tuliloazima, tukalipeleka kwa mwanachama mmoja mwenye watu saba nyumbani. Hatuwezi kuficha, jiko lile lilitufurahisha. Moto wa bluu, mchana hata hauuoni vizuri, inabidi uwe mwangalifu usije ukadhani umezimika. Hakuna moshi. Masufuria hayana masizi. Bibi wa nyumba ile, ambaye kifua chake mnakijua, alikaa jikoni mpaka maharage yakaiva bila kukohoa. Ila mafuta yanakwisha haraka kuliko tulivyozoea, maana lita moja ya spiriti ina joto la kama asilimia 60 tu ya lita ya mafuta ya taa. Lita 5 zilipika siku 5.

Mngeona siku ile, tulikuwa tayari kwenda kukopa. Aliyetuzuia ni katibu wetu, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba mizani.

Katibu alikuwa amepima kuni. Kila kuni iliyoingia chini ya pipa, tangu kupika uji, kukeneka mara ya kwanza, mpaka kukeneka mara ya pili, aliipima kwa mizani yetu ya makopa na kuandika. Jumla kilo 96. Nyumba ile ile yenye watu saba inatumia kilo 6 za kuni kwa siku, kwa mafiga ya kawaida. Gawanyeni. Tulichoma kuni za siku 16 tupate moto wa siku 5.

Tulikaa kimya muda mrefu. Yaani tungeingia kwenye biashara ya kuokoa miti, na katika kila lita tunayouza tungekuwa tumekata miti mara tatu zaidi ya yule mama anayepikia kuni moja kwa moja. Tena mkaa na kuni vinaonekana, kila mtu anakulaumu. Spiriti inakuja kwenye chupa safi, nani angejua?

Mwalimu alisema msishangae, na akaturudisha kwenye lile neno la maji. Katika lita 150 za uji wetu, spiriti haikufika hata lita 7. Kwa hiyo tulikuwa tunachemsha pipa zima la maji, kwa kuni, ili kukamata lita chache zilizojificha ndani. Alisema tukijenga jiko la udongo lililofunikwa vizuri tungepunguza kuni hata nusu, na kwa kimea bora au vile vimeng'enya vya kiwandani tungepata lita zaidi. Tukapiga tena hesabu kwa bei hizo nzuri. Bado ilikuwa haijatoka.

Tukamwuliza, mbona nchi nyingine zinaweza? Tulisikia Brazili magari yanatembea kwa spiriti tangu mpango wao wa 1975. Jibu lake ndilo tunalotaka mlibebe nyumbani leo. Brazili wanatumia miwa. Muwa ukishakamuliwa maji yake, unaacha makapi, na makapi yale yakikauka ndiyo yanayochomwa kuchemshia. Muwa unakuja kiwandani umebeba kuni zake mgongoni. Muhogo hauji na kuni. Chungwa haliji na kuni. Ukileta muhogo, kuni utafute kwingine.

Hata jirani zetu Msumbiji walijaribu muhogo. Mwaka 2012 kulifunguliwa kiwanda pale Dondo, karibu na Beira, kikinunua muhogo mkavu kwa wakulima wadogo na kutengeneza spiriti ya kupikia, ikauzwa na majiko yake Maputo. Hao walikuwa na mtaji na wataalamu wa nje, siyo sisi na mapipa mawili. Na kiwanda kile hakikudumu. Kenya wao walitumia molasi ya viwanda vya sukari pale Muhoroni na kuchanganya spiriti na petroli miaka ya 80. Molasi inatoka kwenye miwa. Mnaona inarudi pale pale.

Na hapa hapa kwetu Tanga kuna mfano mwingine. Pale Hale mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa kuchachusha mabaki ya mkonge kupata gesi ya kuzalishia umeme. Kuchachusha ni kule kule, wadudu wasioonekana wanakula takataka. Lakini gesi ikishatengenezwa inapanda yenyewe kutoka kwenye maji, huhitaji kuichemsha. Spiriti inabaki ndani ya maji mpaka uifuate kwa moto. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayokula msitu.

Sasa tuseme na yale mengine mawili, maana wengine mtadhani kuni peke yake ndizo zilizotuzuia.

La kwanza ni sheria. Kukeneka siyo kama kupika togwa. Tangu sheria ya mwaka 1966, kukeneka kileo kunataka leseni, na hakuna askari atakayekuta mapipa na mrija nyuma ya nyumba yako akakusikiliza ukimweleza habari za nishati safi. Yule mtu wa mapipa hakututajia leseni hata mara moja. Spiriti ya kuuzwa kama mafuta nayo hutiwa rangi na dawa chungu ili isinyweke, na hiyo ina taratibu zake.

La pili ni kinywaji chenyewe. Siku ile chuoni, kabla mwalimu hajatia dawa chungu, vijana watatu walikuwa wameshasimama mlangoni na vikombe. Mama, tuonjeshe. Tulicheka, lakini wapo hapa kina mama ambao gongo imewachukulia waume, na hao hawakucheka. Nani angelinda pipa usiku? Na spiriti ya mafuta ikichanganywa na mtu asiyejua au asiyejali, inaua na kupofusha. Nairobi mwezi wa Novemba mwaka 2000 walikufa watu zaidi ya 100 kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakawa vipofu. Baadhi ya wanachama wetu, Waislamu na Walokole, walisema tangu mwanzo kwamba hawatashika kazi ya kutengeneza kileo hata kikiitwa mafuta. Tulikubaliana wasilazimishwe, na asitozwe mtu faini kwa kutokuja chuoni. Tunafurahi tuliliamua hilo mapema, kwa sababu kama tungegombana kwa dini pamoja na ule ugomvi wa hela, leo tusingekuwa na sherehe ya kufanya.

Basi, katika kikao cha Machi 2024 tulipiga kura. Wanachama 26 walisema tusinunue mtambo, 3 walisema tununue. Wale watatu wana hoja yao na tunaiheshimu. Wanasema Serikali yenyewe kwenye Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 mpaka 2034 inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi, na kwamba sisi tunaochelewa tutabaki kuwa wanunuzi wa mafuta ya watu wengine. Hatuna jibu kamili la hoja hiyo. Mkakati ule ulizinduliwa miezi miwili baada ya kura yetu, nao wakaja na gazeti mkononi.

Tulichowaambia ni hiki, na kimeandikwa kwenye muhtasari. Siku atakapopatikana mtu au kiwanda chenye joto lake, la makapi ya miwa, au la makumbi ya nazi, au moshi wa moto unaopotea bure kwenye dohani, na chenye leseni, sisi tutakuwa tayari kumletea muhogo mbovu kwa tani. Tutauza wanga. Hatutauza msitu. Viongozi wa Kata mko hapa, mkimsikia mtu wa namna hiyo mtuambie. Na akija na picha kwenye simu, mwambieni kwanza aeleze kuni zake zinatoka wapi.

Kwa sasa muhogo tunafanya hivi. Hatusubiri tena miezi 18 shambani, tunang'oa mapema kabla ugonjwa haujala mizizi, maana madoa yanaongezeka kadiri unavyochelewa. Sehemu nzuri tunakata makopa, tunaanika juu ya vichanja, tunauza kwa pamoja. Na vipando tunachukua kwa Bwana Shamba, hasa Kiroba, ambayo inavumilia michirizi kuliko ile mbegu yetu ya zamani. Msipeane vipando kwa kuoneana haya na majirani, ugonjwa unasafiri na pingili na wale inzi weupe.

Machungwa ndiyo yaliyotupa kitu tusichokitegemea. Lile pipa la pili, la maji ya machungwa yaliyomenywa, tulilisahau kwenye kona ya banda la chuo likiwa limefunikwa kitambaa tu. Tulipolirudia baada ya wiki sita halikuwa na ulevi tena, lilikuwa kali la kukunja uso. Limekuwa siki. Mwalimu alisema spiriti ikiachwa wazi kwa hewa, wadudu wengine wanaigeuza kuwa siki, bila moto wowote. Hakuna kuni. Hakuna mrija. Hakuna kijana mlangoni na kikombe. Wale kina mama waliokataa spiriti, ndio leo wanaosimamia siki, baada ya kila mmoja kuuliza wazee wa dini yake. Mwaka jana tuliuza chupa 212 kwa watengeneza achari wa mjini na hoteli mbili ndogo. Siyo pesa nyingi, mweka hazina atawasomea. Chupa ndizo zinazotusumbua, hatujapata mahali pa kuzinunua kwa bei nafuu.

Kati ya wale wanachama wawili walioondoka, mmoja alirudi mwaka jana na amekaa pale mstari wa pili. Wa pili hajarudi. Tulimpelekea kadi ya sherehe hii, na kiti chake kipo.

Mgeni Rasmi, tumesema mengi na chakula kinapoa. Alhamisi ijayo ni siku ya kukusanya makopa, saa mbili asubuhi, mizani itakuwa kwa katibu kama kawaida. Na ile kachumbari mtakayoikuta mezani imetiwa siki ya machungwa yetu.  Karibuni.